Mlango wa Pili wa Chandarua cha Mama Hope

Saa mbili asubuhi, Mbagala Kizuiani. Barazani kwa Tusajigwe Mwakalinga hakuna pa kukanyaga. Chandarua cheupe cha kitanda kikubwa kimetandazwa mpaka kizingitini, na yeye amekaa katikati yake, mkasi mkononi, anafumua mshono alioushona mwenyewe miezi mitano iliyopita.

"Usinionee huruma," anasema akicheka. "Huu nafumua kwa raha zangu."

Tusajigwe (47), ambaye mtaa mzima unamwita Mama Hope, ana miaka kumi na minne kwenye kazi ya kushona vyandarua. Alianza na vya majirani, kisha akapata kambi moja ya watalii ndani ya msitu wa milima ya Udzungwa. Zaidi ya nusu ya kazi zake za mwaka hutoka huko, na ndizo zinazomsomesha Hope chuoni.

Mwaka huu kambi iliondoa vitanda vya mtu mmoja, ikaweka vikubwa vya watu wawili. Mama Hope akatumiwa vipimo, akashona vyandarua kumi na viwili. Haukupita muda, meneja wa kambi, Gibson, akapiga simu. Wageni wanaumwa na mbu, alisema, na kila asubuhi wahudumu wanakuta vyandarua vimechomolewa chini ya godoro. Tatizo lisipopata dawa, msimu ujao watanunua vya kiwandani.

Mama Hope alitaka aone mwenyewe.

"Nikamwomba aniletee kimoja. Nikakikagua tundu kwa tundu, nikapima, nikapima tena. Neti nzima kabisa! Nikaanza kuwasema Wazungu wa watu, kwamba hawajui kulalia neti."

Gibson akaamua jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Masika yalikuwa yamepunguza wageni, vyumba vitupu. Akamwambia aje yeye na mumewe walale siku mbili, bila malipo, kama wageni wengine.

Mumewe, Nikodemu, analinda ghala moja Kurasini, zamu ya usiku, mwaka wa kumi na moja sasa. Yeye akiingia asubuhi, mkewe ameshaamka. Likizo huenda kwao Tukuyu kulima.

"Kitanda chetu tunalalaga kwa zamu," anasema Mama Hope. "Wenzangu wakisema mume anakoroma, mie nawasikiliza tu."

Mwezi uliopita, gari la kambi lililokuja mjini kuchukua vyakula likawapakia. Wakapewa nyumba ya mbao juu ya nguzo, mbele wazi, ikitazamana na msitu.

Ugeni ulimshinda Mama Hope mapema. Hata begi hajafungua, alishaanza kufagia. Mhudumu, binti anayeitwa Anastasia, akamfuata mbio.

"Shikamoo mama. Naomba huo ufagio, utanifukuzisha kazi."

Akakaa, mikono mapajani, hajui aifanyie nini. Lakini jioni, mvua ikinyesha juu ya miti, aliletewa chai ya mchaichai akainywa pamoja na mumewe mpaka birika likaisha. Hakuna aliyemwita kwa jambo lolote.

"Nilifurahi mpaka nikaona haya," anasema.

Alfajiri mbega wakaanza kunguruma mitini. Akataka akawaone. Akapapasa chandarua upande wake atoke, hakuna mlango, ule mpasuko wa kupitia. Mlango ulikuwa upande wa pili, na kati yake na mlango alilala Nikodemu, usingizi wa mtu anayefidia miaka kumi na moja. Basi akafanya alichofanya kila mgeni kabla yake: akachomoa pindo chini ya godoro, akapenya.

Akasimama pale peku, pindo bado mkononi, akaangua kicheko mpaka mumewe akashtuka.

"Si ungeniruka tu, mke wangu?"

"Nikuruke wewe? Gogo lote hilo!"

Kosa lilikuwa la Mbagala kabisa. Kwenye vyumba vyetu kitanda husukumwa ukutani ili ipatikane nafasi ya kabati na ndoo za maji, na chandarua huhitaji mlango mmoja tu. Kitanda kinachokaa katikati ya chumba, watu wakishuka pande zote mbili, Mama Hope hakuwahi kukiona. Kambi ilimpa urefu na upana. Kinakaa wapi, hawakumwambia, naye hakuuliza.

Wakati wa chai ya asubuhi alimwendea Gibson mwenyewe. "Nikamwambia, baba, wageni hawana kosa. Kosa ni langu, na dawa nimeipata."

Vyandarua vyote kumi na viwili vimerudi Mbagala kuongezwa mlango wa pili, na kambi imeshaagiza vingine sita. Siku hizi mteja akifika, kabla ya futi kushikwa, anaulizwa kwanza: kitanda kinakaa wapi?

Nyuma ya nyumba kuna msingi wa chumba kipya. Mama Hope amemwambia fundi ausogeze ukuta, kitanda kikae katikati. Nikodemu naye ameomba zamu ya mchana, na amekubaliwa kuanzia Julai.

Ndiye huyo anaingia sasa kutoka kazini, viatu mkononi, akikizunguka chandarua kwa tahadhari. Macho yake yanatua kwenye kingine, kimekunjwa juu ya cherehani. Ni cha kumi na tatu.

"Hicho cha nani?"

"Chetu."

Nikodemu anakishika, anakigeuza, anatafuta.

"Mlango wangu upi?"

Mama Hope anamwonyesha kwa ncha ya mkasi, kisha anarudi kwenye mshono wake.