Mgombea Mwenza Kutoka Takaba

Nakumbuka siku moja ya Alhamisi, tukiwa kwenye mkutano wa walimu hapa Garissa. Mimi nilikuwa kijana tu, nimetoka Embu kuja kufundisha hesabu. Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Saadia, mzaliwa wa Takaba, mji mdogo wa kaskazini, alikuwa akizungumzia tangi la maji lililopasuka. Simu yake ikalia, akatoka nje. Aliporudi alimaliza kwanza habari ya tangi, ndipo akaniita pembeni akaniambia kwamba mgombea urais, wa chama kidogo, anamtaka awe mgombea mwenza wake.

Mwanangu, umeniuliza umchague nani awe mwenzako kwenye uchaguzi wa wanafunzi pale chuo kikuu. Nakujibu kwa habari ya Saadia, maana sijaisahau mpaka leo.

Nilimwambia apige simu papo hapo akubali. Nilishaona helikopta ikitua Takaba, watu wakikimbilia vumbi lake. Akanitazama kwa upole.

“Mwalimu, wewe umeshapanda helikopta. Mimi hata sijajua naitiwa nini.”

Alikuwa na sababu ya kutoharakisha. Angekubali, ingembidi ajiuzulu kazi ya serikali, na mshahara wake ndio uliowalisha mama yake na wadogo zake. Basi akamwambia mgombea aje nyumbani waonane ana kwa ana. Hakuna aliyedhani angekuja.

Jumamosi alikuja. Habari ilikuwa imeshazagaa mjini, tuktuk zimeziba njia, akina mama wa soko la mifugo wamejaa langoni wakipiga vigelegele. Ndani, juu ya zulia, tukanywa chai ya maziwa ya ngamia. Mshauri wa mgombea akatandaza ramani ya nchi, akaeleza kwa nini wamemchagua: ni mwanamke, ni Mwislamu, ni mtu wa kaskazini, na amesoma. Alivyokuwa akimsifu, ungedhani yuko mnadani anakagua meno ya ngamia.

Saadia alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia mgombea.

“Mheshimiwa, mengi ya hayo nimezaliwa nayo. Hujaniambia nitafanya kazi gani. Na siku nikiona umekosea, nitakuambia wapi?”

Mgombea akamwomba mshauri wake akunje ramani.

“Nilikuja kutafuta kura,” akasema. “Hilo sikuwa nimelifikiria.”

Nilimpenda kwa jibu hilo. Wakazungumza tangu alasiri hadi magharibi. Saadia alimweleza kwamba ahadi yake, aliyokuwa ameshaitangaza, ya kuchimba kisima katika kila kijiji huku kwetu ilikuwa na hatari. Kisima kikichimbwa kabla wafugaji hawajaelewana, mifugo yote hukusanyika pale, malisho yanakwisha, na watu wanapigana. Mgombea alibisha, tena kwa sauti ya juu. Saadia hakupandisha sauti wala hakurudi nyuma. Mwishowe yule bwana akasema ahadi ile ataiacha. Jumatatu Saadia akaandika barua ya kujiuzulu, na mimi nikabaki na furaha iliyochanganyika na hofu.

Walipokuja kuhutubia hapa Garissa, uwanja ulifurika. Mzee mmoja akasimama akauliza visima walivyoahidiwa vimekwenda wapi. Nilishika kichwa. Ingekuwa rahisi kwa mgombea kumsukumia Saadia swali lile, au kudanganya tu. Badala yake akashika kipaza sauti.

“Niliahidi bila kujua. Mwalimu huyu alinikatalia, na alisema kweli.”

Mwanangu, watu walilipuka. Wazee walirusha bakora juu, vijana wakapanda ukuta. Mimi nilijikuta nikipiga kelele pamoja nao kwa Kisomali, lugha nisiyoijua sawasawa, hadi sauti ikanikauka.

Hawakushinda, wala hawakukaribia. Saadia hakuirudia shule yake. Alihangaika miezi mingi kabla ya kuajiriwa na shule ya binafsi. Nilipomuuliza kama anajuta, aliniambia angekubali tena, lakini kwa mtu yule yule, si kwa mwingine.

Sasa sikia ninalokuusia. Kura zihesabu, sikukatazi, maana uchaguzi ni kura. Lakini usimwite mtu kwa ajili ya jina la ukoo wake au dini yake halafu ukamweka jukwaani kama pambo. Mpe kazi, na umwambie ni ipi kabla hajakubali. Tafuta anayeweza kukukatalia faraghani na bado akasimama nawe hadharani. Na akikurekebisha, usione haya kusema mbele za watu kwamba ni yeye aliyekurekebisha. Ukiitwa wewe uwe mwenza, uliza kama alivyouliza Saadia.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mwenzako mkweli, akupe na masikio ya kumsikia, na mtakaowaongoza wawaombee mema hata siku mtakapokuwa mmeondoka.