Mlango wa Miyenzi

Watu wa Magarama, mtaani kwangu, wanasema kaka yangu Uthmani alikuwa na wazimu wa kesi. Waseme, midomo ni yao. Lakini mtu akilisema hilo mbele ya meza yangu ya vitambaa, simpimii hata nusu mita. Mi Hidaya ndiye niliyempikia na kumpigia koti pasi kila alipotoka Muyinga kuja hapa Gitega kushtaki, na mi ndiye ninayejua alikuwa akitafuta nini.

Uthmani ni fundi baiskeli. Pale sokoni Muyinga, ukimpelekea baiskeli iliyopinda hadi unaona aibu kuisukuma, ataizunguka, ataguna, halafu atakuambia, "Wacha hapa, nenda kanywe chai." Hakubali kushindwa na chuma. Tangu utotoni yuko hivyo, akishika kitu hakiachi. Kazini tabia hiyo ilimpa jina. Kwenye kesi ilitaka kummaliza.

Kesi yenyewe ilikuwa ya shamba tulilokulia, nje kidogo ya Muyinga. Baba alipewa na wakubwa wa wakati ule, baada ya wenyewe kuyakimbia mauaji ya mwaka wa sabini na mbili na kuingia Tanzania. Miaka ikaenda, mtoto wa wenyewe, Thomas, akarudi kutoka Ngara na mkewe Efrazia, akadai mali ya baba yake, na mahakama ikampa. Kwa haki kabisa, nasema mimi. Hata Uthmani moyoni alijua. Lakini mama yetu amezikwa mle, chini kidogo ya ile nyumba ya zamani, na kaburi la Mwislamu wa kawaida kwetu ni nini? Jiwe moja kichwani, jiwe moja miguuni, na majani. Hakuna saruji, hakuna jina. Mkulima asiyejua atayang'oa mawe apande maharage. Hilo ndilo lililomnyima kaka yangu usingizi, kwamba mama atalimwa.

"Si umwambie tu jaji kwamba unachotaka ni kaburi?" nilimwuliza.

Akaniwakia. "Mi nimtie mama kwenye midomo ya mawakili? Waulize alikufa lini, alizikwa na nani, na watu wanacheka? Hata kidogo! Nitapata shamba yote, na mama atakuwa iko ndani."

Ubishi gani huo, jamani! Akashindwa, akakata rufaa. Akashindwa tena, akaomba hukumu iangaliwe upya. Akatafuta korti nyingine, akabadilisha maneno, hata akafungua kesi kwa jina la binamu yetu Sudi, ambaye masikini hakujua shamba linaanzia wapi. Na kwetu watu wakiburana, yaani wakishtakiana kortini, hawasalimiani. Hawapitiani uani, hawaombani moto, hawapeani hata maji ya kunywa, maana ukinywa maji ya mtu unayeburana naye, watu watasema umekubali yaishe. Uthmani aliyashika hayo kama swala. Shamba lile hakulikanyaga tena, na akiitwa na mteja wa upande ule alizunguka kilima kizima ili asilione. Siku moja nje ya chumba cha korti Thomas alimjia, mkono mbele.

"Mzee Uthmani, naomba neno moja tu."

Kaka akamgeuzia mgongo. Niliona mkono wa yule mtu umebaki hewani, nikaangalia viatu vyangu.

Mwaka jana ndipo mahakama ilipochoka. Jaji alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo, tena hakuipandisha. Alisema, "Kesi hii ilikwisha tangu hukumu ilipokamilika. Kuanzia leo Uthmani amekatazwa kufungua kesi yoyote juu ya shamba hili, mbele ya korti yoyote, kwa jina lake au kwa jina la mtu mwingine. Na karani yeyote asiipokee."

Wallahi! Nimeona misafara ya wakubwa na askari wao, sijatishika hivyo. Mtu mmoja, kwa sauti ya kuombea chumvi, amefunga milango ya nchi nzima, na hakuna aliyekohoa. Nilimwogopa yule mama, na papo hapo nilitamani kumshika mkono. Maana alivua miwani, akamtazama kaka, akasema kwa upole, "Mzee, nenda ukapumzike."

Nyumbani chakula hakukigusa. Alikaa kwenye mkeka wangu, kofia mkononi, nikadhani ndiyo basi, huyu ataondoka duniani na kesi yake kifuani. Kisha akaniuliza, "Hidaya, donc, yaani, mi siko na kesi tena?"

"Huna."

"Na Thomas hana kesi na mi?"

"Imekwisha kwenu wote, kaka."

Akaivaa kofia. "Basi naweza kumsalimia."

Tulipanda gari asubuhi. Tulipofika Muyinga hakuzunguka kilima. Alikwenda moja kwa moja hadi uani kwa Thomas, na mi nyuma yake. Efrazia alikuwa anapepeta maharage, akaacha ungo. Thomas akatoka ndani.

"Thomas," kaka alisema, "korti imenifungia. Sijaja kwa shamba, shamba ni yako. Mama yangu iko mle. Kama umemlima, we niambie tu, nijue."

Thomas alisema, "Njooni," akatangulia.

Chini ya ile nyumba ya zamani palikuwa na maharage kushoto na kulia. Katikati ilisimama miyenzi, ile miti tunayopanda mipakani, imezunguka kipande kidogo cha ardhi, mirefu kumpita kaka yangu. Upande mmoja ilikuwa na uwazi wa kupita mtu. Ndani, majani yamefyekwa vizuri, na mawe yetu mawili.

"Ngara nilikua na Waislamu," Thomas alisema. "Nimeshika jembe kwenye maziko yao. Tulipofyeka hapa mara ya kwanza nikaona haya mawe, nikamwambia Efrazia, hapa kuna mtu amelala. Tukapanda hii ili mbuzi wasiingie. Nilitaka kukuambia, mzee wangu, ukanigeuzia mgongo."

Nilishika shina la muyenzi mmoja. Lilikuwa nene kuliko mkono wangu, na muyenzi haunenepi hivyo kwa mwaka mmoja. Ya Allah! Miaka yote ile ya koti na pasi, mama alikuwa amezungushiwa ua na mtu tuliyekuwa tunamshtaki.

"Na huu mlango?" kaka aliuliza.

"Ni wako. Miyenzi inapenda kuuziba. Kila masika yakiisha naukata, nasema labda mwaka huu atakuja."

Uthmani, yeye asiyeshindwa na chuma, akalia mbele yetu wote. Alipomaliza alijifuta uso kwa kofia, akamgeukia Efrazia.

"Dada, maji ya kutawadha iko?"

Efrazia alikwenda mbio, akarudi na ndoo na kata. Majirani walikuwa wamejaa njiani kutazama. Kaka akachota. Na kabla ya kunawa mkono hata mmoja, aliinua kata mdomoni, mbele ya macho yao wote, akanywa mpaka maji yakamtiririka kidevuni.