Kapala bin Tata

Niliondoka Mpanda kwa sababu ya maneno aliyoambiwa bibi yangu mbele ya watu. Ilikuwa miaka ya tisini, Siku ya Mashujaa ikikaribia. Wazee waliopigana Vita ya Pili, ambao sisi tunawaita wazee wa Keya, walikuwa wanakusanya majina ya wenzao waliokufa ili yasomwe uwanjani. Bibi akaenda kwenye kikao chao Kashaulili kutoa jina la babu, Kapala. Mwenyekiti wao akamjibu, "Mama, tumeshauliza Tabora. Hakuna Kapala bin Sunzu. Mumeo hakwenda Keya. Alikwenda kukata mkonge, akarudi na koti."

Watu wakacheka.

Bibi hakulia. Alirudi nyumbani Makanyagio, akaniita niache kuchanja kuni.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo alivyoniita tangu utoto, "wewe ndiye unayejua kusoma. Nenda kamtafute mwenzako."

"Bibi, mimi na watu wa ofisini siwezi kuongea."

"Nani kakutuma kuongea? Kasome. Mtafute mtu asiye na kidole cha mwisho mkono wa kushoto. Kilikwenda na shoka kabla hajanioa. Kama walimpa bunduki, lazima walimtazama mikono."

Stesheni ya Mpanda nilipanda treni ya kwenda Tabora kupitia Kaliua. Nilikaa karibu na mzee mmoja aliyesafiri na madumu ya asali, ameyabana kwa miguu kama mtu anayelinda watoto. Msitu ulipita dirishani, miombo mitupu, halafu tena miombo. Mzee akaniuliza naenda kufanya nini. Nikamweleza kwa maneno machache.

"Yaani unamfuata marehemu Tabora?" akacheka. "Ukimpata, mwambie arudi nyumbani."

"Kurudi alirudi," nikamjibu. "Wanachokataa ni kwamba alikwenda."

Akaacha kucheka. Baadaye alinimegea sega la asali.

Tabora nilifikia kwa shangazi yangu, dada yake baba, mtaa wa Ng'ambo. Alinipikia ugali na kisamvu, akakaa kunitazama nikila.

"Watakwambia njoo kesho," akasema.

"Nitakwenda kesho."

"Na kesho kutwa?"

"Nitakwenda."

"Na hizo aibu zako?"

"Nitakwenda nazo, shangazi."

Asubuhi nilifika kwenye ofisi ya serikali walikotunza majalada ya zamani. Karani alikuwa mama mnene mwenye miwani. Nilipotaja jina la babu, alinijibu bila kuinua kichwa, "Hilo lilishaulizwa. Hayupo."

Miguu yangu ilikuwa tayari kutoka. Mdomo ndio uliobaki. "Mama, naomba nisome mwenyewe."

"Ni Kiingereza hicho. Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba. Lakini majina si Kiingereza."

Akanitazama, halafu akaniletea majalada ya askari waliotoka upande wetu wa Mpimbwe, kwao babu. Nilisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Akina Sunzu sikuwaona. Ofisi ilipofungwa niliondoka, ilipofunguliwa nilikuwa mlangoni. Ikawa hivyo kwa siku kadhaa, mpaka yule mama akaanza kunisaidia kufunua, nadhani kwa kunichoka.

Mchana mmoja akapiga meza kwa kicheko. "Kijana! Nyie watu wa Mpimbwe, huyu mzee wenu Tata alikuwa na wake wangapi? Tazama! Kalinde bin Tata. Musa bin Tata. Kapala bin Tata. Nyumba nzima imekwenda vitani!"

Nilisimama nikaangusha kiti.

"Mama, Tata si jina la mtu. Kwetu Tata ni baba."

"Baba wa nani?"

"Wa kila mtu. Mimi baba yangu namwita Tata. Na wewe ungezaliwa kwetu, wako ungemwita Tata."

Akalivuta jalada la Kapala, akanisomea kwa Kiswahili. Kwao ni Mpimbwe. Alipelekwa Bama, yaani Burma. Aliachishwa jeshi vita ilipokwisha, tabia njema. Alama za mwili: kidole cha mwisho, mkono wa kushoto, hakipo.

"Kumbe," akasema yule mama. "Babu yako alikosea kujibu."

"Hakukosea." Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyozoea. "Kwetu mtu hamtaji baba yake kwa jina mbele ya wageni. Aliulizwa baba yako nani, akajibu kwa heshima. Aliyekosea ni aliyeandika bila kuuliza tena."

Alinitolea nakala, akagonga muhuri. "Siwezi kubadilisha niandike Sunzu," akasema.

"Usibadilishe, mama. Iache hivyo."

Niliporudi Mpanda, tulikwenda na bibi moja kwa moja hadi kwa mwenyekiti. Alisoma, akafika kwenye kidole, akanirudishia karatasi.

"Haya," akasema. "Nitasoma Kapala bin Sunzu, yaishe."

"Bin Tata," akasema bibi. "Hilo ndilo lililokwenda vitani."

"Mama, watu watacheka."

"Wameshacheka."

Siku ya Mashujaa ilipofika, kipaza sauti kikatoa jina la babu: Kapala bin Tata. Vijana waliosimama nyuma wakacheka kweli. Lakini upande wa akina mama ajuza mmoja wa Kipimbwe, nisiyemjua, akainuka na fimbo yake. "Mwenyekiti! Na Kalinde wangu je? Mliniambia hayupo. Mlimtafuta kwa Tata?"

Mwenyekiti akasema majina yamekwisha.

Nilichojifunza katika safari ile ni hiki: wakikwambia karatasi haimjui mtu wako, waulize imemwita nani. Na nilijifunza kwamba aibu haiondoki, mtu anakwenda nayo tu. Nilikwenda nayo mpaka mbele ya uwanja, nikakishika kile kipaza sauti.

"Hayajaisha," nikasema.

Majina ya wenzake babu nilikuwa nimeyasoma mara nyingi mno kule Tabora hata yakanikaa kichwani. Nikayataja yote, polepole, nikianza na Kalinde, na baada ya kila jina nikasema bin Tata.