Dakika Sita za Mzee Wangu

Miaka hiyo nilikuwa nesi wa kuwahudumia nyumbani watu waliokaribia kufa, na mgonjwa wangu mmoja, mzee wa Saint Louis Park huko Minnesota, Marekani, alikuwa amejiandikisha kugandishwa akishakufa. Ndiyo, kugandishwa, kama samaki, eti siku moja sayansi itamwamsha. Nilicheka mpaka nikaona yeye hacheki.

"Nesi," akaniambia, "kwa sheria hawawezi kunigusa mpaka wewe utamke kwamba nimekufa. Usinitamke mapema. Lakini pia usinicheleweshe, ubongo haungoji. Niahidi."

Nikamwahidi.

Waliomngoja walikuwa wanaume wawili wa kampuni ya kugandisha, wamepiga kambi sebuleni na beseni refu na magunia ya barafu. Haki ya Mungu, sikuwaamini. Kila nikitoka chumbani: "Bado?" Bado! Kwani mnangoja chapati? Mmoja akathubutu kuniuliza kama siwezi kumwongezea mzee morfini, ile dawa kali ya maumivu, apumzike. Ebo! Nikamwambia kwetu Kisii mtu wa hivyo huitwa muuaji, na hapa Minnesota pia. Tangu hapo chupa ya morfini ilikaa mfukoni mwangu, hata nikienda kunawa uso. Kikulacho ki nguoni mwako, mama alizoea kusema.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, pumzi ya mzee ikakatika. Wale wawili wakaja mlangoni, glavu mikononi. Nikaweka stetoskopu kifuani pake, nikasikiliza dakika nzima kama inavyotakiwa. Kimya. Nikamulika macho. Hakuna kitu.

Sasa, kwetu maiti haiguswi kabla ya sala. Na nani angemwombea, hawa? Nikairudisha stetoskopu kifuani, nikainamisha kichwa kana kwamba bado nasikiliza, nikasali Baba Yetu polepole. Nikamwombea na mama, aliyefariki mimi nikiwa zamuni huku, nisiweze kumfumba macho. Nikalia kidogo. Kisha nikamfumba mzee macho.

"Bado?"

Niligeuka nimkaripie aliyeuliza. Kumbe na yeye alikuwa analia. "Tafadhali, nesi," akasema, "alitusihi tusimcheleweshe."

Nikatamka. Wakamkimbilia na barafu yao, nami nikatazama saa yangu. Dakika sita zilikuwa zimepita tangu pumzi ikatike.

Siku tatu nilimlinda mzee wasimwibie hata dakika moja. Kwenye fomu, mahali pa saa ya kifo, niliandika saa niliyotamka, nikatia sahihi yangu.