Zulia Lililotandikwa Uwanjani kwa Mzee Makuru

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino na sketi niliyoshonewa mtaani Nyasho, kwa sababu barua ilisema naajiriwa mapokezi. Meneja wa kambi pale Musoma aliniangalia kuanzia miguuni kwenda juu, akanipa glovu na boksi la plastiki lenye mpini. "Hili ni sanduku la choo la gari la wageni wa jana," akasema. "Kalimwage kule nyuma, ulisuuze, ulirudishe. Ukimaliza ndiyo tuongee habari za mapokezi." Nikaenda, visigino vikizama mchangani. Nililia kidogo, sikatai. Jioni nikamuuliza mbona hakunitahadharisha mapema, akanijibu, "Ungekuja?"

Nyie mnaoingia kazi hii sasa mna simu zinazowaonyesha kila mahali pa kulala, mnadhani kazi ni kubonyeza. Basi nisikilizeni mimi niliyeanzia kwenye sanduku la choo, na ninachotaka kuwaambia sijawahi kumwambia bosi yeyote.

Kempa, kama yupo asiyeijua, ni gari lenye kitanda, jiko, friji na choo humohumo ndani. Wenye nazo wengi ni wastaafu wa kutoka nje, mtu na mkewe, wanaozunguka nayo nchi hadi nchi. Ikifika saa kumi jioni swali lao ni moja tu: leo tunalala kambini au tunalala njiani? Kambini kuna uzio, bomba la maji safi, umeme wa kuchomeka, na shimo la kumwagia maji machafu. Mgeni anatoa viti, anafungua turubai la pembeni, anatandika zulia mlangoni, anaanika nguo zake, anakaa hata wiki. Kulala njiani ni habari nyingine. Unaegesha kwenye uwanja wa mtu au wa kanisa, usiku mmoja, na kila kitu chako kinabaki ndani ya gari mpaka unaondoka.

Meneja alikuwa mkali sana kwa hilo. "Akitoa kiti kimoja nje, huyo keshapiga kambi," alikuwaga anasema. "Na uwanja wa mtu si kambi. Umeombewa kulala, lala." Wageni walikuwa wakibishana juu ya hili mpaka mtu na mkewe wananuniana. Wa kambini wanataka usalama na maji ya moto. Wa njiani wanasema kambini huoni nchi, unaona wageni wenzako wakikaanga soseji. Mimi nilikuwa upande wa njiani, maana huko ndiko mgeni alikosalimiana na watu na kuonja ugali wa mtama.

Miaka sita baadaye nikahamishiwa Bunda, ofisi ya Manyamanyama, nikiwa mwelekezi wa njia. Mwelekezi anapanda ndani ya kempa pamoja na wageni, anawatafutia pa kulala, anawaombea kwa mwenye uwanja, na asubuhi anaendelea nao. Bosi wangu huko alikuwa Mkuu wa Safari, mwanajeshi mstaafu aliyepiga pasi hata soksi. Sheria yake kubwa ilikuwa moja. Kabla gari halijaingia uwanjani, mwelekezi anashuka, anatembea uwanja wote kwa miguu akiangalia chini, ndipo anaita gari. Anatafuta shimo la choo lililofunikwa kwa mabati, misumari, matope. Kando ya ziwa anatafuta majani mafupi yaliyokatika vizuri kama ya bustani, ambayo mgeni anayapenda sana, kumbe ndiyo malisho ya viboko. Akishamaliza anajaza fomu ya ukaguzi na kutia sahihi.

"Mama," Mkuu wa Safari aliniambia siku ananikabidhi kitabu cha fomu, "nikisikia umekagua uwanja umekaa ndani ya gari, siku hiyo hiyo unarudi Musoma kumwaga masanduku."

Nilikagua viwanja kwa miguu miaka mingi. Siku moja tu sikushuka.

Tulikuwa tunatoka Musoma, mimi na mzee mmoja Mholanzi na mkewe, mama mnene mcheshi anayeitwa Marga. Tulikuwa tulale Butiama, kwa Mzee Makuru. Ofisi yetu ilikuwa na makubaliano naye. Nyumba yake ilikuwa kando ya barabara, mbele kuna uwanja mpana wa udongo aliozoea kuanikia mihogo, na kwa sababu ya mihogo hiyo hata ng'ombe wake mwenyewe hakuwaruhusu kukanyaga pale. Upande wa nyuma ulikuwa na ua wa minyaa wenye pengo moja la kupitia watu.

Kabla ya kufika tukamkuta mzee mwenyewe anatembea barabarani na fimbo yake, anatoka msibani alikoshinda tangu asubuhi. Mkewe alikuwa amebaki huko huko na wafiwa. Tukampakia, akakaa karibu yangu, tukaongea habari za marehemu. Mawingu yalikuwa yamejaa, kiuno kilikuwa kinaniuma tangu Musoma, na uwanja wa Mzee Makuru nilikuwa naujua kama sebule yangu. Gari lilipofika penye kuingilia uwanja Mholanzi akapunguza mwendo aniachie nishuke. Nikamwambia, "Ingia tu." Kupitia kioo niliona chini kama pamechimbika-chimbika kidogo, na kinyesi cha ng'ombe kibichi. Nikaona, nikanyamaza. Nikachukua fomu nikaandika juu ya goti: uwanja umekaguliwa, uko salama.

Mholanzi akaanza kutafuta usawa. Hawa watu hawalali gari likiinama. Aliweka pima maji, kama ile ya fundi wa kujenga, juu ya meza ya ndani, akaenda mbele, akarudi nyuma, akapandisha magurudumu kwenye kabari, akashuka, akahama tena. Uwanja wote ukavurugika. Alipotulia, Marga akafungua turubai la pembeni, akatandika chini zulia zito la mpira, akatoa na viti viwili.

"Marga, hapa si kambini," nikamwambia kwa Kiingereza changu. "Rudisha ndani."

"Mvua inakuja, mpenzi. Nitaingiza tope kitandani."

Nikabishana naye kidogo nikachoka. Mzee Makuru akasema waache, ni wageni. Tukaingia kwake, tukala ugali na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, nikalala kwenye chumba cha binti zake walioolewa. Usiku mvua ikanyesha kweli kweli.

Asubuhi nilitoka na mswaki mdomoni nikakuta wanaume kama ishirini wamesimama uwanjani kimya. Wana marungu, wengine mapanga, wawili wana pinde. Mzee Makuru alikuwa amesimama mbele yao na shuka lake, hana hata viatu.

Jana yake mchana, ng'ombe sita walikuwa wameibwa malishoni, kijiji cha pili. Wenyewe wakafuata nyayo mpaka giza linaingia, na nyayo zikawafikisha kwenye pengo la minyaa, nyuma ya nyumba ya Mzee Makuru. Kwa heshima, watu wenye silaha hawaingii mji wa mtu gizani, kwa hiyo walichomeka tawi bichi pale pale kuwa alama na kurudi kwao. Sasa wamerudi, na mvua imefuta kila kitu.

Kwa wasio wa Mara nieleze. Kwetu, nyayo za ng'ombe wa wizi zikiingia kwako, ni juu yako kuonyesha zilikoelekea baada ya hapo. Ukishindwa, wamefia kwako, deni ni lako. Utalipa ng'ombe, lakini hilo ndilo dogo. Utaitwa mwizi, na wajukuu zako wataitwa wajukuu wa mwizi. Na asubuhi kama ile, watu wakiwa na hasira na hawajalala, mtu anaweza asifikie hata hatua ya kulipa.

Kiongozi wao, mwanamume mfupi aliyevaa koti la mvua, alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. "Mzee, sisi tunakuheshimu. Tuonyeshe tu walikoelekea."

"Nilikuwa msibani," Mzee Makuru akasema. "Nimerudi na gari hili, nimeshukia mlangoni pangu. Sikuona kitu."

Yule kiongozi akanigeukia. "Mama, wewe ndiye mwenye wageni. Mlipoingia hapa jana, uwanjani kulikuwa na nyayo?"

Simu yangu ikalia wakati huo huo. Mkuu wa Safari. Jirani mmoja alikuwa amempigia. "Ulikagua uwanja?" akauliza.

"Nilikagua, bosi."

"Basi pakia wageni uondoke sasa hivi. Mambo ya ng'ombe si yetu."

Nilipokata simu wale wanaume wote walikuwa wamenisikia. Kiongozi akasema, "Kwa hiyo ulikagua."

"Nilikagua."

"Na hapakuwa na nyayo."

Nikasema, "Hapakuwa na kitu."

Sijui niwaelezeje. Nilikuwa nafikiria kazi yangu, watoto wangu wawili walioko sekondari, sanduku la choo kule Musoma. Neno likatoka. Ndipo nikasikia wale wanaume wanavyopumua, nikaelewa nilichofanya. Kama ng'ombe waliingia kwenye pengo, na uwanjani hawakupita, basi wamefichwa hapo hapo ndani ya mji wa Mzee Makuru. Yeye aliniangalia tu. Vijana wawili wakaenda kusimama mmoja huku, mmoja huku, ubavuni kwake.

Mholanzi aliona hali si nzuri, akawasha gari. Marga akavuta viti ndani, akakunja turubai, akashika pembe ya zulia akaanza kulikunja.

Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote. Pembe ilipoinuka nikaona udongo mkavu, mweupe, na juu ya udongo ule alama za kwato, wazi kabisa. Turubai na zulia vilikuwa vimezikinga mvua usiku kucha. Hakuna mwingine aliyeziona. Ningeweza kukanyaga. Ningeweza kumwambia Marga avute haraka, zulia liburuzwe juu ya alama zile, tupande, twende zetu. Niseme ukweli, mguu wangu wa kulia nilishauinua.

Nikaurudisha nyuma.

"Marga, acha! Usivute!" Nikamgeukia yule kiongozi. "Baba, njoo uone hapa."

Walilibeba zulia watu wanne, taratibu, kama wanavyobeba mgonjwa. Kiongozi akapiga magoti. Akaweka kidole kwenye alama moja, ya mguu wa nyuma, ambayo ncha yake moja ilikuwa imevunjika. "Huyu ni wangu," akasema. "Dume langu. Kwato hii ilivunjika mwaka jana." Kisha akanyoosha mkono kufuata zilikoelekea, kutoka upande wa pengo, kukatisha uwanja, kwenda barabarani. Vijana wakakimbia kuvuka barabara. Chini ya miti ya upande wa pili, mvua isikofika sana, wakapiga mluzi. Zilikuwepo.

Wale wawili wakaondoka ubavuni kwa Mzee Makuru. Mmoja wao akamwokotea fimbo yake iliyokuwa imeanguka.

Kiongozi aliinuka, akapangusa magoti, akanitazama. "Mama, si umesema hapakuwa na kitu?"

Ndipo Mzee Makuru akazungumza kwa mara ya kwanza tangu nilipodanganya. "Mwacheni huyo. Tuliingia jua linazama na mawingu yamefunga. Hata ningekuwa mimi nisingeona. Nendeni, ng'ombe wenu wanazidi kwenda mbali."

Wakaenda. Nilisikia baadaye kwamba wanne walipatikana, lile dume likiwemo.

Mkuu wa Safari aliniandikia barua ya onyo kwa kuruhusu zulia, viti na turubai kwenye uwanja wa kulala njiani. Nikatia sahihi bila kubisha. Fomu ya ukaguzi ilikaa kwenye faili, imeandikwa uwanja umekaguliwa, na siku naagwa kwa kustaafu Mkuu alisoma mbele ya wafanyakazi wote kwamba katika miaka yangu yote Bunda sikuwahi kuacha kukagua uwanja hata mmoja. Watu wakapiga makofi. Nilikula keki ya kuniaga kama nakula udongo.

Sasa nipo Nyasho, nafuga kuku. Vijana wa ofisi wakija kunisalimia huniuliza kipi bora kwa mgeni, kambini au njiani, na kama zulia ni kosa. Ni kosa, nawaambia, na msije mkaliruhusu kwa sababu ya hadithi yangu. Mvua, turubai na ubishi wa Marga vilikutana siku moja, havitakutana tena. Lakini kambini ukikosea unamkosea mwenye kambi, na ana uzio, ana mlinzi, ana wakili. Njiani ukikosea unamkosea mtu aliyekupa uwanja wake kwa neno tu, na wewe unaondoka asubuhi.

Mwaka huu, wakati wa kiangazi, nilikodi gari nikaenda kumwona Mzee Makuru. Amezeeka sana, anakaa mlangoni muda mwingi. Nilikuwa nimepanga nimwambie yote. Tulipofika kwenye uwanja nilimwambia dereva asimame barabarani, nikashuka. Nikatembea uwanja mzima, polepole, naangalia chini, kuanzia barabarani mpaka kwenye pengo la minyaa na kurudi. Palikuwa na mihogo imeanikwa na nyayo za kuku. Kisha nikaenda kumpa mkono, maneno yangu yakiwa tayari mdomoni.

Aliushika mkono wangu hakuuachia. "Eeh, mwanangu," akasema. "Leo umeshuka."