Fomu ya Akiba ya Uzeeni

Juzi, nikiwa katika ofisi ya shirika dogo linalohudumia wakimbizi kule Haltom City, ughaibuni, mkurugenzi, dada Mkenya, aliwaeleza wafanyakazi mpango mpya wa akiba ya uzeeni. "Mnachoweka hakikatwi kodi ya mapato mpaka mkitoe mkistaafu."

Mama mmoja Mkongomani, mlezi wa watoto pale, aliikunja fomu yake. "Dada, kila mwaka nasema mwaka ujao narudi kwetu Uvira. Hii ni ya mtu atakayezeekea hapa."

"Hata ukirudi, Mama, akiba ni yako."

Mama aliikunjua fomu na kuilainisha mezani kwa kiganja. "Basi nipe biki."

Karatasi za kodi hunitisha. Hii ndiyo ya kwanza niliyoiona ikimtakia mtu maisha marefu.