Kiungo cha Shaba

Mwidani wa Likoni alikuwa fundi wa mabomba, na nyumbani alifuga samaki wa miambani katika tangi la kioo lenye maji ya bahari. Mwaka wa 1991 aliongeza tangi dogo la matumbawe, akayaunganisha matangi hayo kwa mpira wa maji na kiungo cha shaba, maana shaba aliiamini.

Baada ya siku chache matumbawe yakajifumba.

"Fundi, bustani yako imenuna," mkewe Mastura akamtania.

Mwidani akaona ukijani kwenye kiungo, na samaki kadhaa wakielea wamekufa. Shaba ilikuwa ikiliwa na maji ya chumvi na kutia sumu matangi yote mawili.

"Mastura, lete ndoo! Walio hai nawarudisha baharini."

Mastura hakutania tena. Akapiga magoti kando yake, wakaanza kuwatafuta walio hai.